Bidoni za Njano kwenye Uwanja wa Gofu

Jua la Jumapili ndiyo kwanza linachomoza juu ya Goma, na Kahambu tayari amekasirika. Amesimama katikati ya uwanja mdogo wa gofu anaoutunza, reki mkononi, akiitazama safu ya bidoni, madumu ya plastiki ya kutekea maji, iliyoanzia shimo la kwanza hadi langoni. Kando ya kila bidoni ameketi mtu.

"Mama, kamiyo ya maji inafika saa ngapi?" anauliza mwanamke aliye mbele kabisa, akichungulia barabarani kama lori linakuja.

"Haiko maji hapa! Ni mchezo!"

"Mchezo? Sasa nani aliweka bidoni?"

Aliyeziweka zile za kwanza ni Kahambu mwenyewe, na hilo ndilo linalomuuma zaidi.

Uwanja huu una mashimo sita tu. Ulitengenezwa pembeni ya maegesho ya magari ya kulala, yale makubwa yenye vitanda na jiko ndani, ambayo wasafiri wa kigeni walikuja nayo kuutazama mlima Nyiragongo. Jioni, wakisubiri chakula kiive, walicheza. Majani hayastawi juu ya mawe ya volkano, hivyo kila shimo limezungushiwa mchanga mweusi uliolowekwa mafuta machafu ya injini ili upepo usiuchukue. Kahambu, mzaliwa wa Butembo, huusawazisha kila asubuhi. Yeye mwenyewe alijifunza kucheza kwa fimbo iliyosahauliwa na mgeni mmoja.

Siku hizi magari hayo hayaji, na mshahara wake umekatwa nusu. Majirani nao wamejitwalia uwanja. Mawe ya mipaka huondoka usiku na kuonekana wiki inayofuata kwenye msingi wa nyumba ya mtu.

"Nikigeuka kidogo tu, shimo la tatu limejaa muhogo wa kuanika," anasema. "Nawaambia mchanga ule uko na mafuta ya gari, wananijibu ati watatandika gunia. Nikiondoa, eti ninawanyima jua. Jua ni la kwangu?"

Mwezi uliopita mmiliki, Papa Buhendwa, alimweleza kwamba mpasua mawe mmoja anautaka uwanja. Akampa nafasi moja ya mwisho: siku fulani ya Jumapili aje awakute watu wa mtaa wakicheza, naye atamkatalia mpasua mawe. Jumapili hiyo ni leo.

Ili wachezaji wayaone mashimo kwa mbali, Kahambu alihitaji alama. Bendera za kitambaa alikwisha kuzijaribu. Wapita njia waliuliza ni ofisi ya nani, na wengine, wakidhani ni kizuizi, wakageuza njia. Jana akatafuta bidoni kuukuu za njano, akasimamisha moja kando ya kila shimo. Akasahau, yeye anayeteka maji kama wenzake wote, kwamba katika mji huu bidoni iliyosimama peke yake ni mtu aliyeshika nafasi kwenye foleni. Habari kwamba maji yanakuja ilifika hadi Munigi, nje ya mji, kabla ya giza.

Sasa anachukua fimbo. "Angalieni, basi!"

Anapiga. Mpira unaruka na kuigonga bidoni ya yule wa mbele, Mama Nyiramahirwe. Foleni nzima inaangua kicheko.

"Mama Kahambu, bidoni yangu imekukosea nini?"

"Simama kando nikuonyeshe!"

"Nisimame kando, hawa waniibie nafasi?"

Pikipiki inasimama langoni. Papa Buhendwa anashuka, anaitazama halaiki, anatabasamu.

"Kahambu! Hawa batu bote ni wachezaji?"

Watu wanamgeukia Kahambu. Neno moja tu lingetosha kuunusuru uwanja.

"Hapana, Papa," anasema Kahambu kwa uchovu. "Wanangoja maji."

Mzee anacheka hadi anajifuta machozi. Kisha kicheko kinakatika, naye anaitazama foleni upya. "Na kumbe ni wengi namna hii," anasema polepole. "Tungeweka tangi. Hapa hapa."

"Hapa ni shimo la kwanza!" Sauti ya Kahambu inapanda. "Papa, maegesho yote ni matupu. Weka tangi kule. Niachie mashimo yangu. Hawa wakingoja maji, watacheza."

"Nani atacheza?"

Kahambu anamkabidhi Mama Nyiramahirwe fimbo. Mama anaishika kama jembe, anachimbua mchanga mara mbili, na mara ya tatu mpira unabingirika hadi shimoni. Vigelegele vinapaa.

"Tangi kule, mchezo hapa," anasema Papa Buhendwa. "Mpaka Noeli. Kisha tutaona."

Kahambu amekwisha kupanga. Fimbo anazo nne, na kila Jumapili atawafundisha wanaosubiri. "Siku magari yatakaporudi," anasema, "nataka wageni watukute sisi wenyewe tukicheza, si mimi peke yangu nikipigana na muhogo."

Anamgeukia mwanafunzi wake wa kwanza. "Haya, Mama, twende shimo la pili."

Mama Nyiramahirwe hatikisiki. Mkono mmoja umeshika fimbo, mwingine umekaza bidoni.

"Nikienda kule," anauliza, "nani atanilindia nafasi?"