Shemeji na Kipaza Sauti Chake

Mume wa mdogo wangu ana sauti tamu, na hiyo ndiyo mali yake yote. Kichwani hamna kitu. Kule kwao, ng'ambo ya mpaka, alikuwa mtangazaji wa redio. Wakubwa waliomwajiri walihofia kupoteza viti vyao, wakaona ni rahisi kuwachonganisha majirani kuliko kueleza walikopeleka mali ya umma. Kazi ya shemeji ilikuwa kuchekesha watu, na katikati ya kicheko anataja nyumba: ile ya bati jekundu, ile yenye duka pale kona. Wenye mapanga hawakuhitaji kuuliza njia.

Utawala wao ulipoanguka, wauaji walikimbilia kwetu wakiwa wamechanganyika na watu wasio na hatia. Vilima vyetu vikaishiwa miti kwa kuni za kambi, bunduki zikauzwa sokoni, na wakubwa wetu nao wakajifunza mchezo. Shemeji alikuja na mdogo wangu na suti mbili, akajitandika sebuleni kwangu. Akawa anakula chetu na kulalamikia chumvi. Ukimgusia habari za kule, anakwambia yeye alikuwa anatangaza tu, hajamgusa mtu. Ni kweli, huyu hata sahani yake hajawahi kuinyanyua, sembuse panga.

Mume wangu ni wa kabila lile lile lililowindwa kule, maana wako pande zote mbili za mpaka. Mama yake alikuwa akiishi peke yake nyuma ya mashine ya kusaga. Shemeji hakuwahi kwenda kumsalimia, eti magoti yanamuuma.

Magoti yalipona siku mgombea mmoja alipomwita akachangamshe mkutano wa kampeni. Nilienda na mdogo wangu, yeye akimshikia koti. Shemeji alianza na utani wa walevi, watu wakavunjika mbavu. Kisha akauliza ni nani yule bibi wa geti la buluu, nyuma ya mashine ya kusaga, ambaye kuku wake wanashiba kuliko watoto wetu. Watu wakacheka zaidi. Wengine waligeuka kutazama upande ule.

Mdogo wangu alidondosha koti.

"Dada, mtoeni mama leo hii," aliniambia. "Kule alianza hivi hivi."

Tulimtoa mama mkwe kabla jua halijazama, kuku tukawaacha. Shemeji akarudi anataka chai ya tangawizi, koo limemkauka. Nikamwambia geti lile ni la nani. Nadhani alisikitika kweli, maana aliweka kikombe chini.

"Kumbe ni kwa mama? Si mngeniambia mapema, shemeji," alisema kwa upole. "Ningetaja la jirani."

Mdogo wangu, ambaye miaka yote hiyo alimpigia suti zake pasi, alizichukua zote mbili akazitupa barabarani. Mwenye suti akazifuata. Mpaka leo anauliza watu kosa lake ni nini.