Bastola Mezani kwa Fundi Saa

Mtu anayetengeneza saa huogopa vitu vitatu: chafya, mende, na mteja mwenye haraka. Fundi Polepole alikuwa na hofu hizo tu mpaka asubuhi ile koplo mmoja alipoingia dukani, akaufunga mlango nyuma yake bila kuombwa, akaweka bastola juu ya kitambaa cheupe, katikati ya saa nne zilizopasuliwa vifua.

"Nimeshatoa risasi," koplo alisema kabla hata ya salamu. Akaingiza mkono mfukoni, akaitoa na kuionyesha. "Hii hapa. Na magazini hii hapa. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Geuza hicho kitu."

"Hakina kitu ndani, mzee wangu."

"Hata mbwa kibogoyo sipendi anitazame."

Koplo alicheka, akaigeuza. Mdomo wa bastola ukaacha tumbo la fundi, ukaelekea upande wa kushoto, kwenye ubao.

Ubao ule ulikuwa mwembamba kama jalada la kitabu. Ulikigawa chumba kimoja kuwa viwili ili vumbi la vitambaa lisiingie kwenye saa. Upande wa pili alikaa mkewe na cherehani yake, akishona sare za wanafunzi. Kwa miaka kumi na tisa wawili hao walikuwa wamezungumza kupitia ubao huo, wakagombana kupitia ubao huo, na wakati mwingine fundi aligonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, maana yake chai.

Kumbe mafundi wa namna yake ni walewale kila mji niliopita: mtu mmoja, meza moja, kioo kimoja cha kukuzia kwenye jicho, na droo iliyojaa vidude ambavyo mwingine yeyote angevifagia. Watu hawamletei saa peke yake. Humletea miwani iliyolegea mguu, cheni, kufuli la sanduku. Koplo alimjua kupitia miwani. Mwaka uliopita skrubu ya miwani yake ilikuwa ikitoka kila wiki, na fundi aliitia tone la gundi ya skrubu, ile ya buluu. Haijatoka tena.

"Tatizo ni hili," koplo alisema, akagusa kinundu kidogo kilicho juu, karibu na mdomo, kile cha kulengea shabaha. Kikacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. "Kimelegea. Juzi bastola iliniteleza bafuni, ikala sakafu."

"Huko kwenu hamna ghala la silaha? Hamna fundi?"

"Nikienda ghalani naandika maelezo. Na kesho asubuhi nina jaribio la shabaha. La kwanza nilifeli. Nikifeli tena nanyang'anywa silaha, nawekwa getini kufungua na kufunga, kama kitasa."

Fundi alisogea inchi moja, si zaidi. Kioo kilimwonyesha kwamba kinundu kile hushikwa kutoka chini na skrubu moja ndogo kuliko punje ya mchele, na kwamba haifikiki mpaka mgongo wote wa juu wa bastola uvuliwe.

"Kuvua ni kazi yangu," koplo alisema. "Hii namna yake, lazima kwanza uvute kifyatulio, halafu mgongo unatoka wenyewe." Akaiinua. Kidole chake cha shahada kikaingia pale kinapoingia siku zote.

Nyuma ya ubao cherehani ilikuwa ikikimbia mshono mrefu, trrrr, bila kupumzika.

"Subiri," fundi alisema.

"Mzee, haina risasi."

"Subiri, nimesema!"

Hakuwa anajua bastola. Alichokijua ni utaratibu. Kwenye saa, huwezi kufungua mtambo kabla hujaulegeza msokoto wa utepe wa chuma. Siku aliyosahau, utepe ulimchana dole gumba mpaka mfupa. Tangu hapo hujiuliza kila mara: nguvu yake iko wapi, na imetoka kwa mpangilio gani?

"Ulianza kutoa nini? Magazini, au risasi?"

"Risasi. Nilivuta mgongo nyuma, ikaruka, nikaidaka. Halafu ndiyo nikachomoa magazini."

"Kwa hiyo ulipovuta, magazini ilikuwa bado ndani."

"Ndiyo."

"Na magazini ndiyo inayolisha. Ilipanda nyingine."

Rangi ilimtoka koplo usoni taratibu, kama maji yanavyoshuka kwenye beseni lililotoboka. Kidole kikatoka kwenye kifyatulio, akabaki ameishika bastola kama mtu aliyeshika nyoka shingoni na hajui pa kumtupa.

"Elekeza chini. Huko pembeni, kwenye magunia ya mchanga ya kuzuia mafuriko. Sasa vuta."

Alivuta. Risasi ya pili iliruka, ikagonga kioo cha saa ya mkononi, ikabingirika ukingoni mwa meza, ikaanguka sakafuni.

Cherehani ikanyamaza.

"Baba watoto! Nini hicho kimeanguka?"

"Skrubu," fundi alijibu. Sauti haikuwa yake.

"Skrubu gani nzito hivyo? Unatengeneza treni?"

Cherehani ikaanza tena, trrrr, na wale wanaume wawili waliisikiliza kama watu wanaosikiliza mapigo ya moyo.

Koplo aliuvua mgongo, mdomo ukiwa bado kwenye magunia. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika ishirini, ikachukua saa moja na nusu. Fundi aliipangusa skrubu kwa spiriti mara tatu, kwa sababu gundi haishiki palipo na mafuta. Akachovya ncha ya sindano. Tone moja tu; likizidi hutiririka na kugandisha yanayotakiwa kuteleza. Tone la kwanza lilianguka kwenye kitambaa. La pili likaanguka kwenye kidole chake. Kwa miaka thelathini mkono huo ulikuwa umeshika nywele za chuma bila kukosea. La tatu alilifikisha, akakaza mpaka kifundo cha mkono kilipomwambia basi.

"Isiguswe mpaka jioni."

Koplo hakuweza kuiacha silaha, wala kutembea nayo ikiwa vipande viwili. Basi akakaa kwenye kigoda cha wateja mchana kutwa.

Saa saba mke wa fundi aliingia na bakuli la wali na sahani tatu. "Karibu, shemeji. Mgeni wa mume wangu hashindi njaa." Koplo alishika kijiko, hakukipeleka popote.

"Mbona huli? Sumu siwekei watu wenye sare."

"Shemeji," koplo alisema, macho kwenye sahani, "leo asubuhi nusura nikuue."

Mwanamke alicheka, akamgeukia mumewe ili wacheke pamoja. Alichokiona usoni mwake kikamfanya aweke sahani chini. Wakamweleza, kila mmoja akidaka maneno ya mwenzake. Alitazama ubao, kisha meza, akapima kwa jicho la mshonaji.

"Ingenipata shingoni," alisema. Halafu: "Nani aliielekeza kwangu?"

Koplo alifungua mdomo. Fundi akamwahi.

"Mimi. Ilikuwa inanitazama tumboni, nikamwambia aigeuze. Sikufikiri."

Mkewe alichukua sahani yake akatoka, na mchana wote uliobaki cherehani haikulia. Fundi alivunja mkono wa saa moja, akapoteza springi ya nyingine. Mara moja aliinua kidole agonge ubao, akakishusha.

Magharibi walikijaribu kinundu. Kilikuwa kimekaa kama kilichozaliwa hapo. Koplo alishukuru mara nyingi mno, akaondoka akipita mbali na mlango wa upande wa cherehani. Kesho yake alifaulu.

Jioni ileile, baada ya kumsindikiza koplo hadi barabarani, fundi alizunguka upande wa pili. Cherehani, ile ya chuma yenye meza yake, haikuwa penye ubao. Mkewe alikuwa ameiburuta peke yake mpaka ukuta wa matofali. Miguu yake ilikuwa imechora mistari minne sakafuni. Alikuwa amekaa akikunja sare, jasho halijamkauka.

"Ungeniita nikusaidie."

Alikunja nyingine, akailaza juu ya zile za kwanza.

"Ungekuja?"