Nafasi ya Mchota Maji

Mwili wa Nahashon uliendesha gari la Abu Turki mjini Riyadh, lakini roho yake ilikuwa Jeddah. Mkewe, Celestine, alikuwa mfanyakazi wa ndani huko mtaa wa Al-Rawdah, na jirani wa madam wake alikuwa akitafuta dereva. Kilichobaki ni Abu Turki kumruhusu Nahashon ahamie kwa jirani huyo awe kafili wake mpya, yaani mwajiri anayemdhamini.

"Mafi mushkila, hakuna shida," bosi alikuwa amemwambia. "Wageni wangu wakishaona makumbusho, tutamaliza jambo lako."

Makumbusho hayo yalikuwa nyumba ya udongo ya babu yake Abu Turki, kando ya bonde linalogeuka mto mvua ikinyesha na kubaki changarawe tupu kiangazi. Bosi alikuwa ameijaza vitu vya watu waliohamia hapo zamani: ndoo za ngozi, matandiko ya ngamia, hata alama za mafuriko ukutani. Sanamu za wahamiaji hao zilivaa kanzu safi, kila moja na kibao cha jina lake. Moja tu, nyeusi tititi, midomo imechongwa kwa mzaha, iliinama kisimani kuchota maji, kitambaa tu kiunoni, bila jina.

Ijumaa, wageni wakiwa njiani, waliokuwa wakifagia waliiangusha sanamu hiyo ikavunjika shingo. Abu Turki akakitazama kisima, kisha akamtazama Nahashon, akatabasamu.

"Yalla, Nahashon! Vua shati, jifunge kile kitambaa, ushike kamba. Uiname kidogo tu, wageni wapige picha."

Nahashon alidhani anataniwa. Akakiokota kitambaa, kilinuka mkojo wa paka. Kisimani, maji ya maonyesho yalikuwa yameota utando wa kijani, na mende walielea juu yake. Ndipo alipogundua, kwa kinyaa kilichopita hicho chote, kwamba vidole vyake vilikuwa vimeshafungua vifungo vya shati.

Akavifunga. "Baba, mimi ni dereva."

"Halas, basi," bosi alisema bila kupaza sauti. "Dereva atabaki Riyadh."

Hillary, Mkenya mwenzake aliyelinda lango, alikichukua kitambaa huku akicheka. "Wewe Nahashon unajiona mheshimiwa? Picha haiumi, bana!"

Wageni wakaingia, Hillary akiwa ameinama kisimani. Mmoja akaweka mguu juu ya mgongo wake, simu zikainuliwa, naye Hillary akazidi kuinama ili picha itoke vizuri. Nahashon alitoka nje akatema mate, akatema tena.

Jioni, akiwa garini, alimpigia Celestine na kumweleza alichotakiwa kufanya kisimani.

"Kuinama tu?" mkewe aliuliza.

"Kama punda, Celestine. Kama punda!"

"Na mimi je? Kila asubuhi namwaga mikojo ya mzee wao kwa mikono hii, najipa moyo kwamba unakuja. Ungefumba macho, Nahashon. Ungefumba tu macho."

Alitaka kumweleza kuhusu ule mguu. Kabla hajaanza, sauti ya mwanamke iliita upande wa pili.

"Aiwa, madam! Nakuja, madam!" Celestine aliitika, kwa sauti laini, nyororo, yenye kuchekacheka, ambayo mumewe hakuwahi kuisikia. Akaiweka simu kitini, uso chini, na kujifuta kiganja kwenye suruali, kana kwamba ameshika tena kile kitambaa.