Buibui la Bi Salma

Jamani, leo mume wangu amenibebea kikapu bila kujua ni mimi!

Nilikuwa naenda soko la Waarabu hapa Eldoret. Jirani yangu Bi Salma akaniazima buibui, maana huko wanawake hujifunika. Mimi, mama wa kanisa, nikajifunika yakabaki macho tu.

Natoka na kikapu cha mchele na sukari, nani huyo mbele? Mume wangu, Baba Jerono, na lile koti alilopewa na mzungu aliyemwajiri!

"Mama, huo mzigo ni mzito. Lete nikusaidie."

Huyu? Nyumbani hata kikombe hainui!

Nikampa kikapu, mbavu zinauma kwa kicheko. Akabeba mpaka barabarani.

Hapo nikafunua uso.

"Asante, Baba Jerono. Sasa twende nacho mpaka nyumbani."

Akakibeba mpaka mlangoni, majirani wakatoka wote kutazama.

Wenye waume, mnaonaje?

Bi Salma, buibui silirudishi leo. Kesho kuna kuni za kubebwa.