Kiholanzi cha Saa Nne Asubuhi

Tap! Mpaka leo nausikia mlio wa kile kifuniko cha mkebe wa biskuti kikifungwa. Hakikufungwa kwa hasira, kilifungwa kwa uamuzi, kama mtu anayemaliza kikao. Kila asubuhi saa nne, pale Hopkins, mama mzee niliyekuwa nikimtunza aliufungua mkebe, akausukuma upande wangu na kuniuliza neno moja. Mimi nilijibu kwa adabu zangu zote, na tap, akaufunga. Baada ya hapo aligeukia dirisha akatazama theluji, na mkate wake ukabaki kwenye sahani mpaka ukakauka.

Moyoni nilimwita nyanya. Mdomoni nilimwita mevrouw, yaani bi mkubwa, kwa kuwa ndivyo kitabu changu cha Kiholanzi kilivyosema.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na mwaka mmoja tu Minnesota, Marekani. Niliishi na binamu yangu, niliyemwita dada kwa kuwa alinizidi miaka tisa, aliyefanya kazi hospitali moja Coon Rapids. Asubuhi nilikwenda kwa nyanya kwa miguu. Alasiri nilipanda basi kwenda kwenye kiwanda cha dobi kilichofua mashuka ya hospitali, nikayakunja mpaka vidole vikafa ganzi. Nikisema nilichoka, sisemi uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ule uliamka pamoja nami, tukavaa viatu pamoja.

Nyanya alitoka Uholanzi akiwa bibi harusi, akaongea Kiingereza miaka arobaini na ushee. Kisha kiharusi kikampata, na alipozinduka Kiingereza chote kilikuwa kimeondoka kama chaki kwenye ubao. Kilichobaki ni lugha ya mamake. Binti yake wa pekee, aliyeishi Burnsville, hakujua hata neno la hiyo lugha.

"Baba hakutaka lugha mbili mezani," aliniambia siku ya kwanza, akinionyesha mizani ya bafuni. "Mpime kila Ijumaa, uandike kwenye daftari hili. Hali chakula. Akiendelea kupungua mpaka Pasaka, nitampeleka makao ya wazee."

"Huko kuna mtu atakayemwelewa?"

"Hakuna," alisema. "Lakini hata hapa hakuna."

Maneno hayo nilitembea nayo mpaka maktaba, nikaazima kitabu cha sarufi ya Kiholanzi kwa wasemaji wa Kiingereza. Nilicheka peke yangu pale kaunta. Mimi, msemaji wa Kiingereza! Mimi niliyepata D ya Kiingereza kidato cha nne, na mwalimu akasema nimshukuru Mungu haikuwa E. Nilikisoma kwa kamusi mbili: moja ya Kiholanzi kwa Kiingereza, nyingine ya Kiingereza kwa Kiswahili. Kila neno lilinifikia limechoka, kama mgeni aliyebadilisha magari mara mbili na mzigo kichwani.

Mwanzoni nilijiona mjanja. Kitabu kiliwaomba wasomaji radhi: poleni, majina ya Kiholanzi yamegawanyika mafungu mawili, na hakuna kanuni ya kuaminika, itabidi mkariri. Mawili tu! Sisi tulionyonya ngeli pamoja na maziwa, tunaogopeshwa na mawili? Lakini nilipofika kwenye vitenzi, kicheko kiliisha. Kumbe kuna vitenzi vinavyokatwa vipande: kichwa unakiacha katikati ya sentensi, mkia unautupa mwisho kabisa, na msikilizaji asubiri. Na ukitaja sababu, kitenzi kizima kinakwenda kukaa nyuma. Omdat ik moe ben, kwa sababu mimi nimechoka, lakini yule "ni" anakuja mwisho, baada ya uchovu wote kupita. Mfano huo niliuelewa upesi kuliko yote.

Jioni moja dada alinikuta jikoni nimeegemea friji na kitabu.

"Wewe! Hiyo Kiholanzi utaombea kazi wapi? Si usomee nursing kama watu?"

"Nitaenda Amsterdam niuze maua, dada."

"Kwa passport gani, mama? Ndoto zako zitakuja kutuua hapa." Alinifunika kichwa kwa taulo la vyombo. "Enda ulale. Kesho mimi ndiye wa ku-drive kwa hii barafu, sio wewe na maua yako."

Nilicheka, lakini ndoto nilikuwa nayo kweli, na haikuwa ya maua. Niliota nyanya ananisikia nikisema sentensi nzima, anafurahi, anakula.

Basi nikazileta sentensi. Nilisimama nyuma ya kiti chake, mikono nimeikunja, nikamwambia nimekuandalia mkate, kitenzi nimekipeleka mwisho kama inavyotakiwa. Na alielewa! Nilipokosea alinyoosha kidole akagonga meza, pale pale kitenzi kilipopaswa kuwa. Akagonga tena mpaka nikakirudisha mahali pake. Ila kula, hapana. Saa nne ilipofika, mkebe ulikuja, "koekje?", biskuti? Nami nikajibu kwa sentensi niliyoijua kuliko zote: "Nee, dank u wel, mevrouw," hapana, asante sana, bi mkubwa. Tap.

Mama yangu alinifunza kwamba kwa watu usikubali mara ya kwanza. Unakataa, unasihiwa, unakataa tena kidogo, ya tatu unapokea kwa mikono miwili. Mtoto anayechukua mara ya kwanza ni mtoto ambaye kwao kuna njaa. Na kukaa mezani na mtu mzima ambaye hajakwambia keti, tena wewe ni mfanyakazi, hilo hata halikunijia akilini. Kwa hiyo nilisimama nikisubiri kusihiwa mara ya pili. Haikuja. Nilijiambia nyanya ana mkono wa birika, au hanipendi. Daftari la Ijumaa lilionyesha ratili moja chini, kisha nyingine, kisha mbili kwa mpigo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya Februari. Nilikuwa nimefanya zamu mbili kwenye dobi, na sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu mchana wa jana yake. Nikamimina kahawa, nikaketi. Sikuomba ruhusa. Nyanya alinitazama, akafungua mkebe, akausukuma.

"Koekje?"

Mkono wangu uliingia kabla mdomo haujapanga sentensi. Nilichukua moja. Tap, mkebe ukafungwa, nami nikaganda na biskuti hewani. Nikajua nimejimaliza.

Nyanya akashusha pumzi ndefu. "Hè hè," alisema. "Eindelijk."

Kisha akachukua mkate wake akala. Akala wote, hata ganda la pembeni. Mimi nilikuwa nikitafuna na machozi yakinishuka, sijui ya njaa au ya nini. Nilipofika nyumbani niliitafuta eindelijk katika kamusi ya kwanza, kisha ya pili. Maana yake: hatimaye.

Binti yake alipokuja Jumapili nilimsimulia. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama huuliza mara moja tu," alisema. "Ukisema hapana, ni hapana, anakuheshimu anafunga. Na yeye hali kamwe mbele ya mtu aliyesimama. Anaona unamfukuza."

"Mbona hukuniambia?"

Kicheko kikamkatika. "Sikujua kwamba huo ni Uholanzi. Nilidhani ni mama tu."

Tangu hapo saa nne ilikuwa yetu. Nilikaa, nikachukua biskuti moja, moja tu, kwani ya pili haikuwahi kutolewa hata siku moja, na nilivyokuwa na njaa! Nyanya alikula. Kidole chake kiligonga meza, nami nikahamisha vitenzi kama mtu anayepanga viti kanisani. Alinisimulia habari za mfereji ulioganda na kaka zake wakiteleza juu yake, au ndivyo nilivyoelewa, nusu nilikisia. Ratili zikapanda. Nilianza kuihesabu Pasaka kama mtahiniwa aliyesoma.

Juma moja kabla ya Pasaka binti alikuja asubuhi ya Jumatano, nami nilizoea kumwona Jumapili tu. Nilimkimbilia na daftari.

"Tazama, ratili nne juu!"

Alilitazama amesimama, koti mwilini. "Nimeshatia sahihi," alisema. "Mwezi uliopita. Nafasi imepatikana, Jumatatu anaenda."

"Lakini anakula."

"Najua anakula." Alifumba macho. "Wewe ukiondoka hapa mchana, mimi ndiye ninayekuja. Kila jioni, kutoka Burnsville, kwenye barabara ile. Namgeuza, namwosha, ananiambia maneno nisiyoyajua, narudi. Sijalala vizuri tangu Oktoba."

Nilitaka kumkasirikia. Nilijaribu, kweli. Lakini macho aliyokuwa nayo nilikuwa nimeyaona asubuhi hiyo kwenye kioo chetu, usoni pangu.

"Nakuomba umwambie wewe," alisema. "Mimi nikimwambia atasikia kelele tu."

Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma na penseli. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Miezi yote ile ya sarufi, na sentensi iliyohitajika ilikuwa moja, nami sikuitaka. Nilirudi nikaketi mbele ya nyanya, nikamwambia polepole: Jumatatu unaenda kwenye nyumba nyingine, kwa sababu binti yako amechoka.

Nilikitazama kidole chake. Hakikusogea. Kila kitenzi kilikuwa mahali pake, na sikuona raha yoyote.

"Ik weet het, kind," alisema. Najua, mwanangu.

Akamgeukia binti aliyekuwa bado amesimama mlangoni, akamwambia jambo fupi akivuta kola ya nguo yake mwenyewe. Nilifungua mdomo kutafsiri. Sikuwahi. Binti alikuwa tayari anavua koti, akavuta kiti, akaketi karibu na mamake.

Jumatatu asubuhi walikuwa sebuleni wawili hao, wakisubiri gari. Mimi nilikuwa chumbani nikifunga sanduku la nyanya. Nguo za kulala nilizikunja kidobi, pembe kwa pembe. Zilipokwisha niliketi kitandani, nikachana ukurasa nyuma ya daftari, nikaandika kwa Kiingereza changu cha D, herufi kubwakubwa. Akisema pijn, inatamkwa pa-in, anaumwa. Akisema dorst, ana kiu. Akisema koud, mfunikeni miguu kwanza, si mabega. Niliandika maneno kumi na moja, na kila moja nikalitamka kwa sauti ndogo kabla ya kuliandika, nihakikishe mtu asiyejua chochote ataweza kulisoma.

Chini kabisa niliongeza: Mkimpa chakula, tafadhali ketini.

Nikaikunja karatasi mara mbili, nikaitia kwenye mfuko wa sweta lake lililokuwa juu kabisa sandukuni, nikafunga kifungo.