Ahadi kwa Sauti ya Mwalimu Annastella

Mwalimu Annastella alikuwa na miaka mitatu tangu astaafu pale wanachama wa chama kimoja cha siasa walipomfuata nyumbani kwake, Muleba, kumwomba awe mkalimani wa mgombea ubunge. Mgombea mwenyewe, Bwana Rugaibula, ukoo wake ni wa hukohuko, ila alikulia Morogoro na Kihaya chake kiliishia kwenye salamu. Wazee wa vijiji vya juu walitaka kusikia mambo kwa lugha yao. Annastella alizoea kuongoza kwaya ya parokia bila kipaza sauti, basi akakubali.

Kazi hiyo aliifanya kupita kiasi. Jambo ambalo Rugaibula alilisema kwa upole lilitoka kinywani mwa Annastella kama amri. Siku ya mkutano wa kijijini kwao, mgombea alisema, "Barabara ya kutoka hapa kushuka ziwani isipokuwemo kwenye bajeti, sitaiunga mkono bajeti hiyo." Annastella akavuta pumzi, akanyoosha kidole, akatafsiri: mimi, bajeti isiyo na barabara hii nitaikataa mbele ya Bunge zima, na atakayetaka kunikunjia uso anikunjie. Akina mama walipiga vigelegele. Mzee Onesphory, jirani yake ambaye kibanja chake cha migomba kinapakana na barabara hiyo, alisimama akapiga makofi hadi wenzake wote walipokwisha kukaa.

Rugaibula alishinda. Juni iliyofuata bajeti ikasomwa, ikajadiliwa, ikapita. Barabara haikuwemo.

Jumapili, baada ya misa, Onesphory alimsubiri Annastella nje ya kanisa.

"Mwalimu waitu," alianza kwa neno la heshima la Kihaya, "ulituambia utaikataa."

"Si mimi, mzee wangu. Alisema mgombea."

"Mgombea alisema Kiswahili, mimi sikukishika vizuri. Niliyemsikia ni wewe. Na ulinyoosha kidole."

Annastella alimweleza kazi ya mkalimani. Mzee alisikiliza kwa heshima zote, kisha akauliza tena ni kwa nini hakuikataa. Wiki hiyo swali lilimfuata dukani na kwenye mashine ya kusaga, hata msibani, ambako mama mmoja alimsogelea wakiwa wanamenya ebitoke, ndizi za kupika, akamnong'oneza, "Lakini kule Dodoma ulipigaje kura?" Nyumbani, mumewe Avit, mtu wa maneno machache lakini yenye kuchoma, akaanza kumkaribisha mezani kwa kumwambia, "Mheshimiwa, chakula tayari."

"Labda aliikataa, wengine wakamzidi," Annastella alimwambia. "Kura yake si moja tu?"

"Basi kaangalie."

Akaenda Bukoba kwa binti yao Hellen, anayeishi Kitendaguro na ana kompyuta. Hellen alizitafuta kumbukumbu rasmi za Bunge mtandaoni, akamsogezea mama yake kiti. Walianza na mchango wa Rugaibula. Ulikuwa mzuri. Aliitaja barabara kwa jina lake, akawataja wajawazito wanaoshushwa kwa pikipiki mvua ikinyesha, akaiambia serikali maneno ambayo hata Annastella asingethubutu kuyaongeza. Mwisho kabisa akasema: baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja.

Annastella aliusoma mstari huo mara mbili. "Baada ya kusema hayo yapi?" aliuliza.

Hellen akashuka hadi kwenye kura. Bajeti hupigiwa kura kwa kuitwa majina, na majina yote yalikuwepo. Wabunge wa chama chake walikuwa wamejibu ndiyo, mmoja baada ya mwingine, kama darasa la kwanza likiitwa mahudhurio. Rugaibula alikuwa katikati yao, naye ndiyo.

Annastella alicheka. Halafu akakumbuka lile la kukunjiwa uso, ambalo mgombea hakulisema kabisa.

Agosti Rugaibula alikuja kijijini kuongea na wananchi, akamwomba Mwalimu asimame naye kama zamani. Alianza vizuri. "Ndugu zangu, safari hii nawahakikishia, barabara hii nitaifia."

Annastella hakutafsiri. Alimgeukia, kipaza sauti kikiwa wazi, akamwuliza kwa Kiswahili cha darasani, "Mheshimiwa, niitafsiri kama unavyoisema hapa, au kama utakavyoipigia kura kule?"

Waliojua Kiswahili walicheka papo hapo, na waliobaki walicheka walipokwisha kuelezwa. Rugaibula naye alicheka, akafuta jasho. Alipoona watu wamemaliza kucheka na bado wanamtazama, akasema taratibu, "Jioni ya kuamkia kura, wabunge wa chama chetu tuliitwa kikaoni. Tukaambiwa msimamo ni ndiyo. Ningesema hapana, huenda jina langu lisingerudi tena kwenye uchaguzi. Niliogopa."

Hayo Annastella aliyatafsiri neno kwa neno, mikono ikiwa chini. Kisha akaongeza kwa Kihaya, "Na mimi wakati wa kampeni nilimzidishia maneno. Lile la kukunjiwa uso lilikuwa langu." Ilimgharimu kulisema. Mashavu yalimwaka moto, yeye aliyewahi kuwachapa shuleni nusu ya watu waliokaa pale kwa kosa la kusema uongo.

Onesphory alifikiri kidogo. "Hilo ndilo lililokuwa zuri," alisema.

Lami bado haijafika. Greda lilipita mara moja, likasawazisha mashimo, mvua ikayarudisha. Ila Rugaibula aliondoka na aibu yake, na baada ya wiki mbili akapiga simu akitaka afundishwe Kihaya, aongee na watu wake mwenyewe. Mwalimu humfundisha kila Jumamosi kwa simu, Avit akisikiliza kwa pembeni. Mwanafunzi anajitahidi. Wakati uliopo anauweza, wakati uliopita wanaumalizia. Wakati ujao, ule wa kuahidi, Mwalimu anasema ataufundisha akishaona yuko tayari.