Mama Alipokuja Kunusa Asumini

Mamangu hakuona maana ya mtu kulipa kiingilio ili akatazame maua. Ua kwake ni la kuvaliwa. Nilipopata kazi ya kuwatembeza wageni katika bustani ya mimea, upande wa pili wa kisiwa, alicheka mpaka akashika ubavu. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," akasema. "Hayo maua yenu yana ila gani hata yatafutiwe watu?"

Kila mwezi tuna matembezi yenye mada yake: mara miti ya dawa, mara mikoko, mara viungo vya jikoni. Yangu mimi ni ya harufu, na niliyabuni kwa sababu ya mama. Yeye ametunga vikuba tangu sijazaliwa: asumini, kilua, mrehani na mkadi, vinafungwa kishada kidogo ambacho bibi harusi na wageni wake hukipachika kifuani. Ngazi za nyumba yetu ya Mji wa Kale zilinukia hivyo, na nguo zangu pia. Shuleni wenzangu walinitania kwamba naolewa kila Ijumaa.

Nilimwalika miaka na miaka. Nilitaka awaone watu wanavyofumba macho mbele ya asumini. Nilitaka pia, sitaficha, ajivunie mimi. Kila mara alikuwa na udhuru.

Mwaka jana akaanza kugombana na muuza asumini wake wa soko la Marikiti. Mara kamuuzia maua ya jana, mara kayarashia maji mpaka yamekufa harufu. Akahamia kwa mwingine, naye hawakudumu. Mimi nimeolewa, nakaa mtaa mwingine, Buxton, na lawama zote hizo nilizisikia kwa simu. "Maua ya siku hizi ni sura tu," alisema. Nikacheka, nikamwambia hata nyanya za siku hizi ni hivyo hivyo.

Kisha siku moja akanipigia mwenyewe.

"Jumamosi nami n'takuya huko kwenu. Maua ya hapo hayauzwi, sivyo? Hayatiwi maji ya kudanganyia watu?"

"Hayatiwi, mama."

Furaha niliyokuwa nayo! Sare yangu niliipiga pasi mara mbili.

Alikuja baada ya Alasiri na buibui jipya, akakataa kiti, akawatangulia wageni kama mwenye shamba. Kwenye mlangilangi watu wakahema na kushangaa, yeye akainamisha kichwa. Nikadhani ananisikiliza, nikaongeza madoido. Kwenye mrehani akavunja kijitawi, akakifikicha kiganjani, akanusa, akafikicha tena. Tukafika kwenye asumini saa yake ya kufunguka, na mgeni mmoja akasema harufu hiyo itamlevya. Mama akaingiza uso wote kichakani, akakaa humo mpaka wageni wakaanza kutazamana. Alipouinua, hakukitazama kichaka. Alinitazama mimi.

"Basi si maua," akasema polepole.

Nikaelewa hapo ugomvi wote wa Marikiti. Alikuja kuhakikisha kama kosa ni la maua au ni la pua yake, na bustani yangu ndiyo iliyomjibu, mbele ya watu. Baadaye daktari alisema huenda ni umri, huenda ni homa kali aliyougua kabla ya ugomvi huo kuanza, na hakuahidi kitu. Lakini mimi najutia ile miaka ya kabla, aliyokuwa na pua yake kamili na udhuru tele. Ningemkokota hata kwa nguvu, angalau mara moja.

Wageni walipoondoka tukakaa sote wawili kwenye ukingo wa njia, karibu na kichaka. Hakulia. Alikuwa na asumini moja mkononi, akiizungusha.

"Wewe ndiwe fundi wa kusema, mwanangu," akaniambia. "Hebu n'ambie. Yanukia vipi?"

Harufu hiyo nimeisimulia kwa watu wa kila taifa. Nina maneno yangu niliyoyazoea, na wageni huyapenda. Pale yote niliyaona aibu kumwambia yeye. Nikatafuta kitu cha nyumbani.

"Yanukia kama leso zako za sandukuni, mama. Zile za Idi."

Akatikisa kichwa.

"Na leso zangu," akauliza, "zanukia vipi?"